Friji ya Mama Junior: nyumba nne, mita moja, Busia

Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Busia upande wa Uganda, mimi ndiye katibu. Naandika nani ameweka, nani amekopa na nani amechelewa. Mwezi wa sita mwaka 2025 mwanachama mmoja alichelewa kwa mara ya tatu mfululizo, naye si mtu wa kuchelewa. Nitamwita Mama Rehema, ingawa mtoto wake haitwi hivyo. Nilipomuuliza sikusikia habari ya biashara mbaya wala ya mgonjwa. Alisema tu, "Katibu, kwangu bili zinanawa mikono kabla ya watoto."

Kisa hiki ni cha nyumba yake, kuanzia mwezi huo hadi wa kumi na moja. Ameniruhusu kukiandika nikibadilisha majina, na nimebadilisha yote.

Mama Rehema anauza nguo za watoto sokoni. Mume wake ni dereva wa trela, yuko nyumbani siku sita hivi kwa mwezi, na pesa anazituma kwa simu. Watoto ni watatu. Wamepanga vyumba viwili kwa shilingi 150,000, ndani ya ua wenye familia nne na mita moja ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ukutani. Mwenye nyumba ni mzee tunayemwita Hajji. Kila familia ilimpa Hajji 35,000 za umeme kwa mwezi, uwe umewasha taa moja au umepiga pasi usiku kucha.

Jambo la kwanza tulilofanya ni la zamani kuliko sisi wote: mali bila daftari hupotea bila habari. Alinunua daftari la kurasa 48 akaandika kila kilichotoka. Mwisho wa mwezi ukurasa ulisema hivi: umeme 35,000, maji ya madumu 18,000, makaa 60,000, televisheni 58,000, bando la intaneti 45,000, na ada za kutoa pesa kwenye simu 9,000. Jumla 225,000, mbali na kodi ya nyumba, chakula na shule. Hiyo ni nusu tena juu ya kodi ya nyumba yenyewe.

Kisha nikamwambia achore safu ya pili. Wengi wangeandika pale bei anayoitaka. Nilitaka aandike jina la mtu anayeweza kukubali. Kwa kila bili, ni nani hasa mwenye ulimi wa kusema "haya, nimekupunguzia"? Sokoni swali hili halina maana, maana mwenye bei amesimama mbele yako na ndizi zake. Kwenye bili za nyumba ndilo swali lenyewe. Bei ya umeme Uganda hupangwa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ile inayojulikana kama ERA, na hupitiwa kila robo ya mwaka. Anayekuuzia ni mmoja. Kampuni iitwayo Umeme ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, kesho yake kampuni ya serikali, UEDCL, ikashika. Umeme akaondoka, umeme ukabaki, na pale dirishani hapakuwa na wa kupatana naye kabla wala baada. Ukienda kupiga bei kwenye dirisha la namna hiyo utamchosha karani bure.

Lakini Mama Rehema hakuwa analipa dirishani. Alimlipa Hajji. Kwenye safu ya pili, mbele ya umeme, aliandika "Hajji" na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Nianze na zile zilizokwisha haraka, kwa sababu hazina hadithi ndefu.

Ada ya kutoa pesa ilikuwa upumbavu mtupu, na nasema hivyo nikijua mimi mwenyewe niliufanya miaka. Mume anatuma kama 400,000. Mama Rehema anakwenda kwa wakala, anatoa zote, anakatwa ada ya kampuni na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya anachotoa. (Kodi hiyo ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, tena kwa kila muamala. Watu walipiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa na kubaki kwenye kutoa peke yake.) Akishatoa, anabeba noti hizohizo kwenda kulipia king'amuzi na kununua bando, vitu vinavyolipwa kwa simu bila kutoa hata senti. Mwenye kauli hapo ni yeye. Sasa anatoa za soko tu, kidogo, na elfu tisa zimekuwa tatu.

Televisheni nayo. Kifurushi cha 58,000 kilinunuliwa kwa ajili ya mpira, na mwenye mpira yuko barabarani siku ishirini na nne. Alikiacha kikate. Siku ya tisa kampuni ikamtumia ujumbe: lipia kifurushi cha chini tukuongezee siku kadhaa za kile cha juu. Hii ndiyo nyongeza, na mtu yeyote aliyewahi kununua maharage Uganda anaijua. Muuzaji akikataa kushuka bei unamwomba nyongeza, naye anatia gao moja juu ya kipimo. Kampuni haishushi bei kwa sababu yako, ila nyongeza inayo, na mara nyingi huitoa kwa aliyeonyesha kuwa anaweza kuondoka. Alichukua kifurushi cha 28,000. Mume alinuna siku mbili, kisha akaenda kutazama mechi kibandani na wenzake, jambo ambalo kusema kweli alikuwa analitafutia sababu.

Bando: aliacha kununua la siku akachukua la mwezi, 45,000 ikawa 35,000. Humo ndani kuna ushuru wa asilimia 12 uliokuja Julai 2021 kuchukua nafasi ya ile kodi ya shilingi mia mbili kila siku ya mitandao ya kijamii, na huo huna wa kupatana naye. Makaa: wanawake watatu wa uani waliungana kununua magunia mawili kwenye lori badala ya kopo la 2,000 kila jioni, na kwake ikashuka hadi kama 52,000. Maji hayakushuka. Mwenye bomba la jirani anauza dumu kwa 200. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, kwa hiyo anapata 10,000 kwa kila yuniti. Tulimwendea. Akasikiliza kwa adabu, akauliza kama tuna bomba lingine karibu. Hatuna. Akaendelea kujaza madumu.

Na mpaka je? Mtu wa mbali akisikia Busia anafikiri sisi tunaishi kwa kulinganisha bei za nchi mbili, asubuhi Kenya, jioni Uganda. Ni kweli vijana wa kubadilisha pesa wako palepale na mabunda yao, shilingi moja ya Kenya ikienda kama 28 za kwetu mwaka ule, na ni kweli kila nyumba ina kitu kilichotoka ng'ambo. Mama Rehema alijaribu gesi. Mtungi wa kilo 6 kujazwa upande wa pili ulitajwa kwa bei iliyomfanya apige hesabu mara mbili. Lakini mtungi alioazimwa na dada yake ni wa kampuni ya huku, na duka la kule lilitaka kwanza anunue mtungi wao. Ongeza boda kwenda na kurudi, ongeza nusu siku bila kufungua meza yake ya nguo. Alirudi na sabuni. Maoni yangu, na wapo watakaonipinga: mpaka unamfaa anayenunua magunia. Mwenye kikapu unampa matembezi.

Sasa Hajji.

Kabla ya kumwendea mtu kupatana naye, ujue yeye ananunua kwa kiasi gani. Sokoni tunabahatisha kwa kumtazama usoni. Kwa Yaka unaweza kujua, maana bei yake inatangazwa hadharani, na mita yenyewe haina siri. Hajji akinunua, kijana wake ndiye anayekuja na karatasi yenye tarakimu 20 kuzibonyeza. Ukishamaliza, mita inaonyesha yuniti zilizoingia. Mama Rehema alimwomba kijana asimame kidogo. Mwezi mzima wa saba, kila zikiingizwa, aliandika: zilizokuwepo, zilizoingia, tarehe. Kijana alidhani ni mambo ya shule ya watoto. Wiki nne zikatoa yuniti 140 kwa ua mzima.

Hapa inabidi nieleze jinsi bei ilivyopangwa, kwa sababu bila hiyo kisa hakieleweki. Tangu mwanzoni mwa 2022 umeme wa nyumbani Uganda una ngazi. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni za msaada, 250 kila moja. Kutoka hapo hadi ya 80 ndiyo bei ghali, ambayo kwa hesabu hii nimeiweka 780 ili iwe nyepesi. Kisha kuanzia ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412: hii ni ngazi ya kupikia, iliyowekwa ili watu waache makaa. Ukipita 150 unarudi kwenye bei ghali. Juu ya yote kuna kodi ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi, ambayo pamoja na kodi yake ni kama elfu nne. Ada hiyo hukatwa unaponunua mara ya kwanza ndani ya mwezi, na ndiyo inayofanya watu waape kwamba tarehe mosi "yuniti zinaibwa".

Mwenye kupika kwa umeme ndiye aliyekusudiwa na ngazi ya 412. Lakini mita haijui kama kuna sufuria. Inahesabu tu. Familia nne zisizopika kwa umeme hata siku moja, zikikaa nyuma ya mita moja, zinafika ngazi ya kupikia kwa wingi wao.

Nikapiga hesabu ya yuniti 140. Zile 15 za msaada niliziacha kabisa, nikazihesabu kwa bei ghali, ili Hajji asije akasema katibu amempendelea mpangaji. Yuniti 80 kwa 780 ni 62,400. Yuniti 60 kwa 412 ni 24,720. Weka kodi, weka ada: karibu 106,800. Milango minne kwa 35,000 ni 140,000. Zaidi ya elfu thelathini na tatu kila mwezi zilikuwa zinabaki kwa Hajji, kwa hesabu iliyompendelea yeye.

Mawazo ya kwanza ya Mama Rehema yalikuwa yale ya kila mtu: aombe mita yake mwenyewe. Nilimwambia tupime kwanza, na matokeo yalinishangaza hata mimi. Tulikadiria nyumba yake hutumia yuniti kama 28. Akiwa peke yake: 15 kwa 250, 13 kwa 780, kodi, ada ya huduma yote juu yake. Inatoka karibu 20,400. Kwa kugawana mita ya Hajji kwa haki, 28 zingemgharimu kama 21,400. Tofauti ya elfu moja! Na ili kuipata elfu hiyo alipaswa kulipa laki kadhaa za kuungiwa laini, na kumlipa fundi wa waya, kwenye nyumba isiyo yake. Kwa hiyo mita ya pamoja haikuwa adui. Alichohitaji ni kulipa alichotumia, na bei ya yuniti ikubaliwe waziwazi.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa nane: yeye, mwalimu wa mlango wa pili, kijana wa boda wa mlango wa nne, na mimi. Hajji alikuwa barazani na tasbihi yake. Mama Rehema alipiga goti akamsalimu kama desturi yetu inavyotaka kwa mzee, akauliza hali ya mguu wake, akauliza habari za binti aliyejifungua Jinja. Ilipita kama robo saa. Msomaji wa haraka ataona huo ni muda uliopotea. Mimi nilimtazama Hajji akiiweka tasbihi mfukoni.

"Hajji," Mama Rehema akasema, "kila tarehe tano unazunguka milango minne, na mguu huo. Wengine wanakuambia rudi kesho. Ukiletewa pesa zote kwa mkono mmoja, siku moja, itakufaa?"

"Nani ataleta?"

"Mimi."

Hakutaja bei. Alianza kwa kumpa kitu ambacho Hajji hakuwa anacho: mkusanyaji asiyelipwa. Hajji akasema jambo la heri halina haja ya mkutano wa watu wanne, kwa hiyo kuna lingine. Ndipo akamwambia wanataka mita ndogo za ndani, kila mlango na yake, walipe kwa yuniti.

"Elfu moja yuniti," Hajji akasema, bila kufikiri.

"Mia saba na hamsini, Hajji."

"Mama, mimi si kampuni. Unajua hiyo Yaka nainunua kwa kiasi gani?"

"Najua, Hajji. Nimeandika."

Akafungua daftari, hakumpa, aliliweka tu juu ya mkeka likiwa wazi. Hajji alilitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Simu yake yenye jumbe zote za tokeni ilikuwa pembeni yake. Hakuifungua, nasi hatukumwomba aifungue. Hilo nalo ni sehemu ya kupatana: usimlazimishe mzee kuvuliwa nguo mbele ya watu wake. Akacheka. Akasema tunasahau taa ya uani inayowaka usiku mzima kwa usalama wetu, na kero ya kijana wake kukimbia kununua saa tano usiku. Taa ni kweli, yuniti kama nne kwa mwezi. Akashuka 950, akashuka 900, akasimama.

Kisha akatoa silaha yake: "Basi nitaongeza kodi ya nyumba elfu ishirini, tuone nani amepata."

Hapo nilimnong'oneza Mama Rehema. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa 150,000 ni elfu kumi na tano, haifiki ishirini. Nilidhani atalitumia papo hapo. Alinitazama kwa jicho la kuniambia ninyamaze. "Kodi ya nyumba tutaizungumza Januari, Hajji," akasema. "Leo ni Yaka." Baadaye aliniambia kwamba ukimtajia mtu sheria barazani kwake, kesho yake atakutajia wakili. Sheria aliibeba kwa ajili ya Januari.

Walimaliza kwa 850. Mita ndogo nne za 45,000 kila moja: kila mlango 30,000, na 60,000 zilizobaki juu ya Hajji. Tuliondoka tukijiona wajanja.

Kosa lilikuwa langu, na ni hili. Milango ni minne, nasi tulikwenda watatu. Wa mlango wa tatu, Mama Junior, alikuwa sokoni siku ile na sikuona haja ya kumngoja. Mama Junior ana friji. Anauza juisi na maji baridi ya kavera, yaani ya mfuko wa plastiki, na friji haizimwi. Mafundi walipofunga mita na mwezi wa tisa ukapita, ikatoka hivi: Mama Rehema 28, mwalimu 24, boda 24, Mama Junior 60. Kwa 35,000 za zamani, Mama Rehema alikuwa analipa 1,250 kwa yuniti, mwalimu na kijana wa boda zaidi ya 1,450, na Mama Junior chini ya 600. Ile faida tuliyomdai Hajji haikuwa yote mfukoni mwa Hajji. Sehemu yake ilikuwa inagandisha juisi ya jirani. Bili yake mpya ikawa 51,000.

"Mmeenda kuniuza kwa Hajji," akasema mbele ya bomba, kwa sauti ya kusikika barabarani. Na alikuwa na haki ya kukasirika. Si kwa sababu bei si ya haki, bali kwa sababu alikuta imeamuliwa. Kwa wiki mbili makaa ya pamoja yalivunjika. Mtoto wake alikatazwa kuja kutazama katuni. Ukihesabu shilingi 11,200 ambazo Mama Rehema aliokoa kwenye umeme, uhesabu na hizo wiki mbili.

Suluhu aliileta kijana wa boda, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno. Mama Junior alipe 45,000 kwa miezi miwili ya kwanza, na 6,000 zinazopungua wagawane watatu, elfu mbili kila mmoja, hadi atakapopanga biashara yake upya. Mwalimu aliona ni kumlipia mtu faida. Mama Rehema akatoa zake bila kusema, akitaka makaa yake na amani.

Wakati wa mazungumzo hayo fundi wa friji aliitwa. Alifungua mlango, akaweka noti ya elfu moja kwenye ukingo, akaufunga, akaivuta noti ikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa, baridi ilikuwa inavuja usiku na mchana, na injini haikupumzika. Mpira mpya na ufundi, 25,000. Miaka miwili alikuwa na hitilafu hiyo hakuiona, kwa sababu 35,000 ni 35,000 iwe friji imepona au inaumwa. Mwezi wa kumi alisoma yuniti 45, akalipa 38,250, na msaada wa elfu mbili mbili ukafutwa mwezi mmoja kabla. Makaa yakarudi. Mtoto akarudi kwenye katuni.

Ndipo Hajji akaja na daftari lake.

Ndiyo, alikuwa amenunua daftari. Alikaa kwenye ngazi ya Mama Rehema mwezi wa kumi na moja akasema hesabu haikai. Niliitwa, nikijua atakuwa amekosea kujumlisha. Hakuwa amekosea. Ua sasa unatumia yuniti 125. Zile 15 zilizopungua hazikutoka kwenye ngazi ya 780, zilitoka juu, kwenye zile za 412. Kwa hiyo ununuzi wa Hajji umepungua kama 7,300 tu pamoja na kodi, wakati anachopokea kwetu kimepungua 12,750, maana sisi tunamlipa 850 kwa kila yuniti bila ngazi. Mwezi wa tisa alibakiwa na kama 8,800 baada ya taa. Mwezi wa kumi, kama 3,400. Tumeokoa umeme, na hasara imemwangukia aliye katikati.

Nilimwonyesha Mama Rehema mistari hiyo mara mbili. Bei moja kwa kila yuniti ilionekana ndiyo haki kamili, kumbe nayo ina mfuko wake wa siri: ua ukitumia zaidi Hajji ananenepa, ukibana anakonda. Ningekuwa nimeliona hilo mwezi wa nane ningependekeza tulipe kile Yaka ilichokatwa kweli, tugawane kwa uwiano wa mita ndogo, na Hajji apewe kiasi maalumu cha taa na kero, tuseme elfu saba, kisichopanda wala kushuka. Nililipendekeza sasa. Hajji alikataa, kwa sababu ingebidi afungue simu yake kila mwezi atuonyeshe jumbe. Mwalimu alikubali, kijana wa boda akasema atafuata wengi. Mama Junior, ambaye safari hii tulimngoja hadi akafunga meza, alisema anataka bei moja inayotajika, maana hesabu za ngazi zinamuumiza kichwa na friji ni yake.

Kwa hiyo ikawa ni kupatana tena. Hajji alianza na 900. Mama Rehema alimkumbusha kwamba hajazunguka milango tangu mwezi wa tisa, na mguu umepona. Hajji akasema mguu umepona kwa dawa. Akashuka 880, ambayo kwa hesabu yangu ingemrudishia kama elfu saba. Mama Rehema akasimama kwenye 860 na akaomba nyongeza: taa ya uani ibadilishwe iwe ile inayojizima kukipambazuka, maana kijana huisahau hadi saa tatu. Nilipoaga walikuwa wamefika 870 na 865, na Mama Junior alikuwa ameleta juisi nne baridi, moja akampa Hajji bila kumwambia bei.